Jinsi ya Kuandaa Igizo la Muziki la Kundi Zima: Mwongozo kwa Vikundi vya Mtaani

Maswali ni yaleyale kila kundi jipya linapoanza. Tuanze na nyimbo au maneno? Watu wangapi wanatosha? Wale ambao hawasemi wafanye nini jukwaani wakati wenzao wanaimba? Kila mtu anahitaji maiki yake? Nimeyajibu kwa simu, nje ya kumbi na baada ya mazoezi ya kwaya, na sasa nayaandika mahali pamoja ili anayeanza asikae akimngoja mtu wa kumuuliza.

Mwongozo huu unahusu igizo la muziki lisilo na nyota mmoja, yaani lile ambalo hadithi inabebwa na kundi lote, watu wako jukwaani karibu muda wote, na wimbo unapita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Ndilo igizo linalovifaa vikundi vyetu. Kwaya zimejaa kila mtaa, wapiga ngoma wapo, na vijana wengi walipanda jukwaa la shule kwa ngonjera kabla hawajajua kuogopa. Kinachokosekana ni mpangilio.

Katika mpangilio huo kuna jambo moja ambalo silegezi. Kundi liimbe vizuri kwa pamoja kabla halijagusa kitu kingine chochote. Kundi linaloimba hurekebishika kwingine kote, na lisiloimba haliokolewi na taa wala maleba, yaani mavazi ya jukwaani.

Kote humu nitatumia mfano mmoja: igizo la saa moja kuhusu watu waliokwama kwenye foleni ya pantoni Magogoni, Dar es Salaam, wakingoja kuvuka kwenda Kigamboni. Foleni ni watu wengi, mahali pamoja, kila mmoja na haraka yake. Kama lenu linahusu soko, kisima au wodi ya wazazi, hatua ni hizihizi.

Kabla ya kuanza, hakikisha una haya

- Watu 12 hadi 25. Chini ya hapo sauti nne za kwaya (soprano, alto, tena na besi) zinakuwa nyembamba. Juu ya hapo unahitaji wasaidizi na jukwaa kubwa.
- Viongozi watatu tofauti: mwongozaji, mwalimu wa nyimbo na msimamizi wa jukwaa. Kazi hizi tatu usizibebe peke yako, na msimamizi wa jukwaa asiwe mwigizaji.
- Sehemu ya mazoezi yenye sakafu wazi inayolingana na jukwaa mtakalotumia.
- Kinanda, ngoma mbili au tatu, na watu wa kuvipiga tangu wiki za mwanzo.
- Wiki 12, mazoezi mara 3 kwa wiki, saa mbili kila mara, kwa igizo la dakika 60 hadi 75.
- Simu inayorekodi sauti vizuri.
- Daftari kubwa la msimamizi wa jukwaa. Kila uamuzi unaandikwa humo kwa penseli, maana utabadilika.
- Fedha ya nauli na maji ya kunywa. Vikundi vingi vinatenga fedha ya maleba na kusahau nauli, halafu wanashangaa kwa nini wa Mbagala haji.

Angalia pia kalenda. Kumbi zetu nyingi zina paa la bati, na mvua ya masika ikianza kugonga hakuna kwaya inayosikika. Mimi hupendelea onyesho kati ya Juni na Septemba. Mfungo wa Ramadhani ukiangukia ndani ya wiki zenu 12, mazoezi ya kucheza yapangwe baada ya futari na tarawehe au yasogezwe mbele. Aliyefunga asirukishwe saa kumi na moja jioni.

Hatua ya 1: Chagua igizo na umalize mambo ya ruhusa

Ukitaka igizo maarufu la nje, ujue kwamba lina mwenyewe. Unaomba leseni kwa anayeshikilia haki zake, unalipia kila onyesho, na kulitafsiri kwa Kiswahili ni ruhusa nyingine kabisa. Kununua kitabu cha nyimbo hakukupi haki ya kuzipandisha jukwaani. Ndiyo maana kundi linaloanza nalishauri liandike lake, au limwombe mwandishi wa mtaani na kuandikiana naye mkataba mfupi.

Nyimbo za redioni nazo zina wenyewe. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi ya kwenda kuuliza ni COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Hakimiliki inadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo "wimbo wa zamani" si lazima uwe huru. Hata ngoma za asili zina sehemu yake katika sheria hiyo, basi ulizeni kabla ya kuuza tiketi. Kwa igizo lenyewe ipo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na kwa shughuli za kundi kuna BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Anzeni ofisi ya serikali ya mtaa, chukueni barua, kisha mwende huko juu mkiwa na muswada mkononi. Walioko Kenya wana sheria zao na Bodi ya Filamu yao.

Msilichukulie hili kama karatasi tu. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, huko Limuru, Kenya, walijijengea wenyewe jukwaa la wazi na kuigiza kwa Kikuyu igizo lililojaa nyimbo zao. Watu walimiminika. Baada ya wiki chache tu serikali ikafuta kibali. Kibali chenu kiwe kimeandikwa, na nakala zikae kwa watu wawili.

Hatua ya 2: Sikiliza sauti, kisha gawa

Kila anayekuja aimbe wimbo wowote anaoujua vizuri. Mwalimu wa nyimbo amtafutie kwenye kinanda noti ya chini na ya juu anazofika bila kukaza shingo, na ziandikwe. Kisha lifuate jaribio lenye maana zaidi: wasimamishe watu wawili, kila mmoja aimbe sauti yake tofauti, uone kama anashika yake au anavutwa na jirani. Mwenye sauti nzuri anayevutwa atakusumbua kuliko mwenye sauti ya kawaida anayeshika.

Kwa watu 20, mgawanyo wa soprano 6, alto 5, tena 4 na besi 5 unatosha. Mara nyingi waimbaji wa tena ndio hawapatikani. Usimlazimishe besi apande. Shusha ki ya wimbo (kimo cha sauti mnachoimbia), au wape wanawake wawili wenye sauti nzito sehemu ya tena, au imbeni sauti tatu. Wavulana wa miaka 12 hadi 15 sauti zao zinavunjika, kwa hiyo wapewe sehemu fupi isiyopanda wala kushuka sana, na usishangae ikibadilika kabla ya onyesho.

*Kosa la kawaida:* kutoa sehemu za kuimba peke yake siku ya kwanza. Ngoja wiki tatu. Yule aliyejificha nyuma akiogopa mara nyingi ndiye utakayemtaka, na ukishagawa ni vigumu kunyang'anya.

Hatua ya 3: Kubalianeni kuhusu kutokuja

Igizo la nyota mmoja linaweza kuvumilia mtu akikosa. La kundi haliwezi, kwa sababu pengo la alto mmoja linasikika na nafasi yake jukwaani inaonekana. Andikeni kanuni chache mbele ya wote. Ninayoiamini ni hii: aliyekosa mazoezi mawili ya wimbo uleule anatoka katika wimbo huo, lakini hatoki katika kundi. Anabaki na nyimbo nyingine na nafasi yake kwenye foleni. Adhabu ya kumfukuza mtu haitekelezeki, kila mtu anajua, na kanuni isiyotekelezeka inaua zile nyingine.

Kila mtu awe na mwenzake wa jozi anayejifunza mistari na nafasi yake. Siku mtu ana homa, jozi anajua cha kubeba.

Mazoezi yaishe mapema ili dada zetu wapate daladala kukiwa bado na watu barabarani. Kwa walio chini ya miaka 18, mzazi asaini na ajue saa ya kuisha.

Hatua ya 4: Nyimbo kwanza, kwa wiki nne

Hapa ndipo kazi ilipo.

Kabla ya kufundisha, pitia kila mstari wa wimbo ukiusema kwa mdomo. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo zito la ngoma linapaswa kuangukia hapo. "Pantoni imechelewa": pigo liwe kwenye *to* na *le*. Likiangukia *ni* na *wa*, watazamaji watasikia sauti nzuri isiyosema kitu, na hawatajua kwa nini. Ukiona mstari unagoma, badilisha maneno kabla ya kugusa tuni.

Kiitikio kinachoimbwa na wote kwa sauti moja kisizidi sana oktava moja, yaani kutoka doh ya chini hadi doh ya juu. Mkikipandisha juu ili kisisimue, nusu ya kundi itapiga kelele na nusu itanyamaza.

Fundisha hivi:

1. Andika tonik solfa (doh, re, mi) kwenye karatasi, na juu kabisa uandike ki: "Doh ni G". Wanakwaya wengi wataisoma, na wasioisoma watajifunza kwa kusikia.
2. Fundisha besi kwanza, halafu soprano, halafu waimbe pamoja. Hapo ndipo uwaingize alto na tena. Alto akifundishwa peke yake hana cha kuegemea.
3. Rekodi kila sauti peke yake kwa simu, uitume kwenye kundi la WhatsApp yenye jina kamili: "Wimbo 3, Alto, wa mwisho". Tuni ikibadilika, futa ya zamani palepale. Hakuna kinachovuruga kama watu watano waliojifunza rekodi ya mwezi uliopita.
4. Wakishashika, wachanganye. Soprano asimame kati ya besi na tena. Jukwaani hamtasimama kwa makundi kama kanisani, kwa hiyo zoeeni mapema kuimba karibu na sauti isiyo yako.
5. Waimbe wakitembea chumbani. Anayeweza kuushika wimbo akiwa amekaa tu bado hajaujua.

Sasa swali ambalo huulizwa kila mara: bila mwalimu mbele, tunaanzaje pamoja? Vitu viwili. Sauti ya kuanzia, mpiga kinanda aidokeze kwa upole chini ya mstari wa mwisho wa maneno, kana kwamba ni sehemu ya mandhari. Na kuhusu kuingia, chagueni mtu mmoja kwa kila wimbo awe mshika pumzi. Anavuta pumzi inayoonekana mabegani, wote wanavuta naye, na wote wanatoka na neno la kwanza. Asihesabu "moja, mbili". Mazoezi ya wiki moja ya kupumua pamoja yatawapa mwanzo safi kuliko ishara yoyote ya mkono.

*Onyo la sauti:* kila zoezi lianze na dakika 10 za kupasha sauti, kuanzia kuguna kwa mdomo uliofungwa. Maji yawepo. Mtu aliyekauka sauti anyamaze. Kunong'ona hakumpumzishi, kunaweza hata kumuumiza zaidi. Aje, akae, afuate kwa macho.

Hatua ya 5: Mpe kila mtu maisha

"Dada, sisi ambao hatuna maneno tufanye nini?" Hakuna mtu asiye na kazi kwenye foleni. Kila mmoja ajibu maswali manne, na msimamizi wa jukwaa ayaandike: jina langu nani, nimetoka wapi asubuhi hii, nimebeba nini, na nikichelewa kuvuka nitapoteza nini. Muuza samaki ana barafu inayoyeyuka. Mwanafunzi ana mtihani. Fundi ujenzi analipwa kwa siku. Bibi mmoja anawahi msiba na hajamwambia mtu.

Majibu hayo yanatengeneza mwendo. Mwenye barafu anatazama ndoo yake, na mwenye mtihani anafungua daftari. Sasa umati umekuwa watu. Tena utagundua kwamba nusu ya mistari yenu imejitunga yenyewe humo. Mgawie kila mtu angalau mstari mmoja wa kuimba au kusema akiwa peke yake, hata wa maneno matatu. Mtu mwenye mstari wake haachi kuja mazoezini.

Hatari iliyo upande wa pili ni kila mtu kuigiza kwa nguvu wakati uleule. Kanuni ni rahisi. Mmoja anaposema, wengine wanampa macho au wanatulia. Kundi zima likigeuza kichwa kumtazama mtu, watazamaji nao watageuka wamtazame, hata kama yuko pembeni gizani. Hiyo ndiyo taa ya bei nafuu kuliko zote. Aliyepewa barafu asiimwage katikati ya wimbo wa bibi.

Fanyeni baadhi ya mazoezi haya uwanjani, mbele ya majirani. Kamiriithu walifanya mazoezi yao hadharani, na wapita njia waliwarekebisha namna wanavyosema na wanavyocheza. Kwetu hapa mama lishe atakuambia bure kwamba hakuna anayebeba beseni hivyo.

Hatua ya 6: Chora jukwaa sakafuni

Nenda ukumbini na futi kamba. Pima upana, kina, milango ya kuingilia, na mahali soketi za umeme zilipo. Rudi, uchore ukubwa huohuo kwa chaki au utepe wa gundi mahali pa mazoezi. Kundi lililozoea sakafu ya mita 12 likikuta jukwaa la mita 8, kazi ya mwezi inavunjika jioni moja.

Kubalianeni kwamba kulia na kushoto ni kwa mwigizaji anapowatazama watazamaji. Liandikeni ukutani.

Mtu anayecheza akinyoosha mikono anahitaji kama mita moja na nusu ya upana. Jukwaa la mita 8 basi linabeba watano au sita kwa mstari, si kumi. Mkiwa 20, baadhi wasimame juu ya makreti au benchi nyuma, na wengine washuke chini mbele ya jukwaa. Viwango vitatu vya urefu vinaonyesha kila uso, na foleni inaonekana ndefu. Benchi zijaribiwe na mtu mzito wa kundi kabla ya kuchezewa.

Hatua ya 7: Miondoko baada ya nyimbo

Usiguse kucheza mpaka wimbo umeshikwa bila karatasi. Kisha chukua mwendo kutoka kwenye maisha yaliyoandikwa hatua ya 5: kusogea hatua moja kwenye foleni, kuhamisha mzigo bega hili hadi lile, kutazama saa. Vitu hivyo vitatu vikifanywa na watu 20 kwa pigo moja vinavutia kuliko stepu ngumu zilizonakiliwa kwenye video. Mstari wenye noti ndefu na ya juu usiwe na kuruka. Pumzi ni moja, haiwezi kufanya kazi mbili.

Hatua ya 8: Endesheni bila kusimama

Wiki ya 8 mtaendesha igizo lote kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama, hata likiwa bovu. Litakuwa bovu. Mwongozaji akae mbali, aandike, asikatize. Mtakachogundua ni mapengo kati ya vipande: wimbo umeisha, na hakuna anayejua nani anaanza kusema. Tumieni wiki nzima kurekebisha mapengo hayo peke yake, sekunde tano za mwisho za kila kipande na tano za mwanzo wa kinachofuata. Humo ndimo igizo la kundi linapovuja.

Hatua ya 9: Wapiga ala, kisha spika

Zoezi la kwanza la wapiga ala wote liwe la kukaa na kuimba tu. Hakuna kutembea. Waimbaji wasikie ngoma halisi na wapigaji wasikie pumzi za waimbaji. Ngoma kwenye ukumbi mdogo inafunika maneno kirahisi. Ihamishwe pembeni, iwekwe juu ya mkeka, au ipigwe kwa viganja badala ya fimbo.

Kuhusu maiki: ukumbi wa watu 150 na kundi lililofundishwa vizuri hauhitaji maiki kwa kila mtu. Maiki mbili au tatu zikisimama ukingoni mwa jukwaa, pamoja na moja ya mkononi kwa mstari wa peke yake ulio laini, zinatosha. Spika zikae mbele ya maiki na zitazame watazamaji. Maiki ikielekea spika itapiga mluzi. Ukisikia mluzi, punguza sauti kwanza, halafu usogeze spika.

Umeme utakatika, basi pangeni kana kwamba mnajua siku. Kila wimbo uwe na namna ya kuimbwa kwa ngoma na makofi pekee, na mfanye zoezi moja zima hivyo. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha. Moshi wake unaua hata usipoonekana, na kelele zake ni adui wa alto.

Hatua ya 10: Maleba na taa

Haraka hapa. Mitumba, kanga na kitenge vinatosha. Chagueni rangi mbili au tatu zinazotawala ili kundi lionekane kundi, kila mmoja na kitu kimoja chake. Mavazi yajaribiwe wakicheza, si wakiwa wamesimama mbele ya kioo. Taa ziwe za kutosha kuona nyuso. Mkipata za rangi, vizuri.

Hatua ya 11: Siku tatu za mwisho

Siku ya kwanza ni ya mafundi: taa, sauti na kuingia na kutoka. Waigizaji wanasimama sana, wanachoka, na hiyo ni kawaida. Waambiwe mapema wasiimbe kwa sauti kamili. Siku ya pili endesheni lote na mavazi. Siku ya tatu tena na mavazi, mbele ya watu wachache mlioalika. Baada ya hapo mwongozaji habadilishi kitu. Igizo sasa ni la msimamizi wa jukwaa, na siku ya onyesho neno lake ndilo la mwisho nyuma ya pazia.

Tiketi zishikwe na watu wawili wasioigiza. Malipo ya simu yaende kwenye namba ya kundi, si ya mtu binafsi, na mahesabu yasomwe mbele ya wote wiki hiyohiyo.

Mambo yakikwama

*Kundi linashuka ki katikati ya wimbo.* Mara nyingi ni uchovu au wanaimba wakitazama chini. Inua videvu, sogeza kinanda karibu, kisha jaribu kupandisha ki nusu toni. Inashangaza, lakini wimbo uliowekwa chini sana hulegea.

*Wimbo unakimbia.* Wanamfuata mwenye wasiwasi zaidi. Mpe mpiga ngoma mamlaka, na uwaambie wote wasikilize mkono wake wa kushoto. Watazamaji wakianza kupiga makofi watakimbia pia. Fuateni ngoma, msifuate makofi.

*Mtu amesahau mstari.* Jozi wake anaudaka. Akisahau naye, kundi linarudia kiitikio mara moja na mpiga kinanda anasonga kwenye sehemu inayofuata. Fanyieni hili mazoezi makusudi, mwongozaji akimwambia mtu kwa siri anyamaze.

*Mvua imeanza kugonga bati.* Msishindane nayo. Msimamizi atoe ishara, kundi lishike kiitikio na ngoma, watazamaji waimbe nanyi mpaka ipungue, kisha mrudi mwanzo wa kipande mlichokatizwa.

*Wawili hawaelewani.* Waweke mbali jukwaani na karibu mazoezini, katika kazi moja ya mikono, kama kutengeneza makreti. Ikishindikana, mwongozaji aongee na kila mmoja peke yake. Asiwasemeshe mbele ya kundi.

*Watazamaji wanapanda jukwaani kumtunza mwimbaji fedha.* Kwa watu waliolelewa na taarab hii ni heshima, na ukiwazuia kwa ukali utawaumiza. Wekeni kikapu ukingoni mwa jukwaa, na mhudumu mmoja amwelekeze mtunzaji hapo kwa tabasamu. Anayeimba aendelee, asipokee kwa mkono, asiiname. Na kabla pazia halijafunguliwa usiku wa kwanza, muwe mmeshakubaliana wote kwamba fedha ya kikapu ni ya kundi, hata kama imeletwa kwa ajili ya sauti ya mmoja.